Mbao Juu ya Jiko la Mama

Makabati ya jiko la nyumba yangu ya wageni nimeyatengeneza mwenyewe, na kila anayeingia humo nampa habari hiyo kabla hajaketi. Milango saba, droo tatu, na rafu ndefu chini ya dirisha. Nikisema "mwenyewe" namaanisha mikono hii miwili. Sioni aibu kujisifu. Niliondoka Marangu na begi moja la nguo baada ya kidato cha nne. Nikafanya kazi za ndani Muscat miaka mitano, nikarudi Dar es Salaam nikajifunza kushona, nikasomea stashahada ya ubunifu wa mavazi jioni baada ya kazi, na mwishowe nikawa na karakana ya sare za shule yenye vyerehani vinane. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Stashahada hiyo nimeitundika ukutani, mahali ambapo mgeni anaiona akiwa anakunywa chai.

Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, nikiwa bado na nguvu. Nilitaka nyumba ndogo ya vyumba viwili kwenye kihamba cha baba, shamba letu la migomba na kahawa, ili wanaokuja kupanda mlima wapate mahali pa kulala siku moja au mbili kabla ya safari na baada ya kushuka. Nilichagua pembe ya juu, karibu na mfereji, ambapo kahawa ilikuwa imezeeka na haizai tena.

Hapo ndipo kulikuwa na shida. Kwetu kihamba hupewa watoto wa kiume, na nyumba ya wazazi humwendea wa mwisho. Wa mwisho wetu ni mdogo wangu wa kiume, anafanya kazi Dar es Salaam. Binti anategemewa aolewe akapate migomba kwa mume. Mimi sikuolewa, na niliporudi nikamwomba baba ile pembe ya juu, alisema, "Jenga tu." Hakusema "nimekupa." Nilijua tofauti, na mama alijua, na mafundi waliokuwa wanapandisha kuta walijua pia, maana waliniuliza mara kwa mara kama ile nyumba ni ya mdogo wangu.

Kuta zilipofika kwenye linta, juu ya madirisha, baba aliniita. Tulikuwa tumesimama chini ya migomba, yeye ameshika kisu cha kukatia majani ya ng'ombe.

"Ukoo unakaa siku ya pili ya Krismasi," alisema. "Baba yako mkubwa ataniuliza hii nyumba ni ya nani. Nikiwaonyesha kuta, watasema ni stoo. Tena stoo ya mdogo wako."

"Sasa niwaonyeshe nini, baba?"

"Wapikie humo. Wale. Mtu akishashiba ndani ya nyumba, hawezi kusema ni stoo."

Basi nikajua nina hadi Krismasi. Nyumba iwe na jiko, jiko liwe na makabati, na ukoo ule humo, ndipo baba apate la kusema. Bila hivyo, kuta zangu zingeingia kwenye hesabu ya mdogo wangu pamoja na migomba.

Mwanzoni mwa Oktoba nilimwita seremala wa pale njia panda, mzee wa makamo ambaye kila nyumba ya jirani ina kitanda chake. Alipima ukuta kwa shubiri, akaangalia dirisha, akatikisa kichwa.

"Januari, dada."

"Januari nimechelewa."

"Watu wa Dar wote wanarudi Krismasi. Kila mtu anataka kitanda kipya na makochi. Angalia pale kwangu, hakuna pa kukanyaga."

"Basi nitayatengeneza mwenyewe."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Makabati siyo sketi, dada yangu."

Nilimjibu kwamba mtu aliyekata sare za shule nzima kwa siku tatu bila kuharibu hata nusu mita ya kitambaa hawezi kushindwa na sanduku lenye mlango. Aliondoka bado anacheka. Mimi nikaingia ndani nikatoa futi yangu ya cherehani.

Nikaanza kama ninavyoanza kila kazi, kwa karatasi. Fundi wa nguo hakati kitambaa mpaka awe ameweka umbo kwenye karatasi. Mifuko mitupu ya simenti ilikuwa imejaa nje, nikaikung'uta, nikaifungua, nikaibandika ukutani kwa pini zangu za kushonea na kuchora kila mlango kwa ukubwa wake halisi. Ukuta wa jiko haukuwa sawa. Upande wa kulia ulishuka kidogo, kama mteja mwenye bega moja chini. Seremala angelazimisha. Mimi nimewavalisha watu wenye mabega ya kila namna, wakatoka wamenyooka. Nikapunguza karatasi upande mmoja, nikaongeza mwingine, na nilipomaliza, jiko lote lilikuwa limevaa karatasi ya simenti kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha. Mama alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni.

"Umeivalisha nyumba shumizi," akasema.

Vifaa nilinunua Moshi mjini: msumeno, randa, patasi, drili, gundi, bawaba. Mbao nilizifuata Bomang'ombe kwa sababu niliambiwa kule kuna mringaringa mzuri. Muuza mbao alinigongea ubao kwa kidole.

"Sikia. Kavu kama biskuti."

Mimi nilisikia mlio nikaridhika. Najua kitambaa: ukinipa pamba nikaisugua kwa kidole gumba nitakuambia ikifuliwa itarudi kiasi gani. Mbao nilizisugua vilevile, zikawa laini, zina rangi ya asali, na nikazipenda. Nilipakia kwenye gari la mizigo nikapanda mlima nimekaa mbele kama bibi harusi.

Mlango wa kwanza niliukata mpana kupita kiasi, kama vidole viwili. Nilipima mara tatu bila kujua kosa liko wapi, mpaka nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa umeongeza pindo. Miaka yote hiyo mkono umezoea kuacha nafasi ya kukunja na kushona, nao ukaacha. Mbao haikunjwi. Mama alicheka hadi kitenge kikamdondoka begani. Niliukata upya, nikaandika kwa mkaa juu ya meza ya kazi: HAKUNA PINDO.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Mwanzoni mwa Novemba milango yote saba ilikuwa imefungwa mahali pake, imepigwa msasa, na nilikuwa nimeshapiga vanishi mara nne. Nilimpigia mdogo wangu simu ya video nikamzungushia jiko zima.

"Dada, wewe ni hatari," alisema. "Sasa nitapata pa kufikia nikija na familia."

Alisema kwa wema. Mdogo wangu hana ubaya. Lakini neno "pa kufikia" nililirudia moyoni mpaka jioni.

Mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Anayejua Marangu anajua mwezi ule ukungu hushuka mpaka kwenye mlango wa jiko na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu. Nyumba yangu ilikuwa haijawahi kuwashwa moto. Asubuhi moja nikaingia, nikakuta mlango wa kwanza umeachana na fremu juu. Siku iliyofuata wa pili. Ndani ya wiki mbili milango mitano ilikuwa imepinda, mmoja kona ya chini imetokeza mbele, mwingine umebinuka katikati kama chapati inayoanza kuiva. Niliukandamiza kwa kiganja, nikauachia, ukarudi kule kule.

Nilimpigia mdogo wangu tena, labda kwa sababu nilihitaji mtu wa kunihurumia. Nilimzungushia simu kwenye milango yote.

"Dada, hayo makabati yanacheka."

"Usinitanie leo."

"Kweli, yamefungua midomo yote. Lile la katikati halina hata jino."

Nilikata simu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jiko langu nikalia, jambo ambalo sikulifanya hata Muscat.

Seremala alipita siku ile ile, nadhani alikuwa amesikia. Aliingia bila kucheka, akapiga ubao kwa fundo la kidole, akaunusa.

"Mbichi," alisema. "Nje imekauka, ndani ina maji bado. Huu mti ulikuwa umesimama mwezi wa nane."

"Aliniambia ni kavu."

"Angekuambia nini? Ingekaa hata miezi miwili mahali pakavu. Wewe umeipeleka moja kwa moja kwenye kazi."

Hapo nilijisikia mjinga kwa namna ambayo mwenye stashahada hapaswi kujisikia. Somo la kwanza nililofundishwa, na nililowafundisha wasichana wangu wote, ni kuloweka kitambaa na kukianika kabla ya kukata, ili kirudi kabla hakijawa nguo. Anayeshona kitambaa kibichi, mteja atafua mara moja na kumrudishia shati la mtoto. Mimi nilikuwa nimeshona mbao ambayo haijafuliwa. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Nilifungua bawaba zote siku hiyo hiyo. Mbao nikazirundika barazani, lakini baraza lenyewe lilikuwa limelowa. Jua halikuwepo. Nilihesabu siku zilizobaki, nikaona hata nikipata mbao nyingine hazitakuwa kavu kuliko hizi.

Jambo ambalo sikulifikiria lilikuwa mita thelathini kutoka pale. Mama ana jiko la zamani, kibanda cha pembeni chenye mafiga matatu, ambalo amekataa kuliacha ingawa nilimnunulia jiko la gesi. Juu ya mafiga kuna dari la miti, na moto haukosekani chini yake kuanzia alfajiri. Darini ndipo baba huweka ndizi za kutengenezea mbege, zikiiva taratibu kwa joto na moshi. Huko juu hakuguswi. Mwezi huo dari lilikuwa limejaa, kwa sababu mbege ya Krismasi ya baba inajulikana kata nzima. Ndugu wengine, nathubutu kusema, huja Krismasi kwa ajili ya mbege kwanza na kuzaliwa kwa Bwana baadaye.

Siku ya pili baada ya kufungua makabati nilitoka nyumbani kwangu nikakuta mikungu ya ndizi imepangwa nje ya jiko la mama, juu ya majani ya mgomba. Baba alikuwa kwenye ngazi, nusu ya mwili iko darini. Mama alikuwa chini ameshika ngazi.

"Baba, unafanya nini?" niliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Muulize. Mimi nimemuuliza, hanijibu."

"Leta mbao zako," alisema baba kutoka juu.

"Na ndizi?"

"Zitaozea nje au zitaliwa na ng'ombe. Leta mbao."

"Baba wewe," mama akasema, "na pombe ya Krismasi?"

"Kuna soda."

Mama alinitazama. Baba yangu huita soda maji ya watoto. Sijawahi kumwona ameishika chupa yake. Nilitaka kusema kitu, nikaona bora nikimbilie mbao kabla hajabadili mawazo.

Tulizipandisha pamoja, mimi chini nikisukuma, yeye juu akipokea. Kati ya ubao na ubao niliweka vijiti vyembamba ili hewa ipite, na kila rundo nililifunga kwa mikanda niliyoikata kutoka kwenye mabaki ya sare za shule, rangi ya bluu na ya kijani, nikaikaza sana ili mbao zikauke zikiwa zimenyooka. Baba alivuta mkanda mmoja kupima kama umekaza.

"Hii siyo ya seremala," alisema.

"Ni ya fundi cherehani."

"Mm," alisema baba. Kwake hiyo ni hotuba.

Wiki tatu mbao zilikaa juu ya moto wa mama. Kila asubuhi nilipanda ngazi nikazigeuza, macho yananitoka machozi kwa moshi, nikashuka nanuka kama nyama iliyokaushwa. Mama alipika maharage, akachemsha maji ya ng'ombe, akaongeza kuni hata pale ambapo hakuwa na sababu ya kupika. Jirani alipita akamwona mlangoni, akamsalimia kwa Kichagga, "Shimboni, mae? Leo tena unapika nini?" Mama akajibu, "Napika makabati." Habari ikafika kanisani kabla ya Jumapili.

Vipande vinne vilipasuka kwenye ncha na nikavikata. Vilivyobaki vilishuka vyepesi, vimegeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, na ukivigonga vilikuwa na mlio mwingine kabisa. Sasa najua mlio wa ubao mkavu. Hakuna muuza mbao atakayenidanganya tena katika mkoa huu.

Mara ya pili sikutengeneza kama mara ya kwanza. Nilikumbuka bitana ya koti, kile kitambaa cha ndani. Bitana haishonwi ikakazwa pande zote, huachwa na nafasi ili mtu akiinua mkono isipasuke. Nikafanya kila mlango kuwa fremu yenye mfereji ndani, na ubao wa katikati nikauingiza kwenye mfereji bila gundi, ukae huru. Mvua ikija uvimbe, jua likija usinyae, fremu isijue. Nilikwenda kuazima kwa seremala randa ya kuchimbia mfereji nikamweleza nia yangu. Alinitazama.

"Nani amekufundisha hiyo?"

"Koti."

Alinipa randa. Tarehe ishirini na tatu Desemba alikuja kuifuata, akafungua milango yote saba mmoja mmoja, akaifunga, akapitisha kidole kwenye nafasi kati ya mlango na fremu. "Haya," alisema, "sketi imekaa." Sifa hiyo naiweka sawa na ile stashahada.

Siku ya pili ya Krismasi nilipika ndani ya nyumba yangu kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mtori, machalari ya ndizi na nyama, wali kwa ajili ya watoto wa mjini. Sahani zilitoka kwenye makabati yangu na zilirudi humo zikiwa zimeoshwa. Ukoo ulijaa, watu walikaa hadi kwenye ngazi. Mdogo wangu alikuwa amefika na mkewe na watoto. Alifungua mlango wa katikati, ule aliosema hauna jino, akaingiza kichwa, akanusa.

"Dada, hii harufu ni ya jiko la mama."

"Ni yenyewe."

Aliufunga taratibu.

Walipokwisha kula, baba mkubwa, kaka yake baba, alinyoosha mguu akaangalia huku na huku.

"Shemeji," akamwambia mama, "mbege iko wapi?"

"Muulize ndugu yako."

"Hakuna," alisema baba.

"Hakuna nini?"

"Mbege."

"Krismasi bila mbege?" alisema baba mkubwa. "Ndugu yangu, umeokoka?"

Watu walicheka sana, na baba akaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha akasimama, akaweka kiganja juu ya mlango wa kabati.

"Dari lilikuwa na mbao za mwanangu," alisema. "Ndizi zilikaa nje zikaoza. Kwa hiyo mnakunywa soda. Kaka, ulikuja kuniuliza hii nyumba ni ya nani. Kitu kilicholala kwenye dari la jiko letu ni cha nyumba yetu, na mwenye kukilaza ni wa kihamba hiki. Hapa juu ni pake. Mmekula humo, mmeshiba."

Baba mkubwa alitazama soda yake. Halafu akamtazama mdogo wangu, kwa sababu wote tulijua kwamba neno lililobaki ni lake. Mimi nilikuwa bado nimeshika bakuli.

Mdogo wangu alijikuna shingo. "Sasa mimi nikija na familia nitafikia wapi?"

"Chumba cha pili," nilisema. "Ukitoa taarifa mapema kama wageni wengine."

"Na chai ya asubuhi?"

"Ipo."

"Basi mimi sina neno," alisema, akatoka nje. Nilidhani amekasirika. Alirudi na panga na mafungu ya sale aliyokata kwenye mpaka wa chini, ule mmea wetu wa mipaka usiokufa hata ukiuchomeka kichwa chini. Yeye na baba walizunguka ile pembe ya juu, mmoja akichimba na mwingine akipanda, na baba mkubwa akiwafuata nyuma na chupa yake ya soda akiwaambia mstari umepinda. Nilitoka na futi yangu ya cherehani. Mstari ulikuwa umepinda kweli, na niliunyoosha.

Sale zimeshika sasa, zimefika kiunoni. Wageni wangu wa kwanza walikuja Februari, wakafungua kabati kutafuta vikombe, wakauliza harufu hiyo ya moshi ni ya nini, na niliwapa habari yote kuanzia Muscat. Mlango mmoja, wa pili kutoka kushoto, bado hugoma kidogo masika, na sina mpango wa kuugusa. Seremala ameniletea wateja wawili wanaotaka milango ya bitana, kama anavyoiita.

Mwezi huu ndizi za baba zimerudi darini, maana ukoo umemwambia wazi kwamba Krismasi nyingine ya soda hawaiwezi. Nilipanda jana kumsaidia kuzipanga. Alikuwa ameshapanga upande mmoja wote hadi ukutani. Upande wa pili, juu ya pale moto unapokuwa mkali zaidi, alikuwa ameacha nafasi tupu yenye upana wa mbao nne, na vijiti vyembamba alikuwa ameshaviweka.